Oltepesi na Ulimwengu

Hakuna nchi iishiyo peke yake. Njia huipitia, wageni huiingia, wenyeji wake huitoka, na upepo wa mbali huleta mvua yake na vumbi lake. Katika siku zetu jambo hili limepewa jina la utandawazi, na vijana wengi hudhani kuwa lilizaliwa pamoja na simu na kompyuta. Nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa umri wake ni mkubwa kuliko hivyo. Nataka pia kukuonyesha kuwa si haki kuuliza kama dunia itafika mlangoni petu au haitafika, kwa maana ilikwisha kufika zamani. Swali la haki ni hili: ni nani aushikaye mlango, na mgeni huingia kwa masharti ya nani?

Ili kulijibu sitakupeleka katika mji mkuu wala bandarini. Nitakupeleka Oltepesi, kituo kidogo cha biashara katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Nairobi kupitia Kiserian hadi Magadi. Jina lake ni jina la mti. Kwa Kimaasai oltepesi ni mgunga wenye kilele kipana kama mwavuli, mti uvumiliao ukame, uwapao watu kivuli na mbuzi matunda. Hapo barabara imekwisha kuviacha vilima vya Ngong nyuma na kushuka katika Bonde la Ufa. Joto huzidi, nyumba hupungua, na macho huona mbali. Mpita njia aweza kudhani kuwa hapa ni mahali ambapo dunia ilipasahau. Akidhani hivyo atakuwa amekosea sana.

Mbele kidogo ya Oltepesi, katika barabara iyo hiyo, kuna Olorgesailie. Katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey waligundua huko shoka nyingi za mawe, zilizochongwa na viumbe waliotutangulia, zikiwa zimetapakaa juu ya ardhi kama mavuno yasiyokusanywa.  Mwaka 2018 wataalamu walitangaza jambo kubwa zaidi. Katika tabaka zenye umri wa miaka karibu 300,000 walipata zana ndogo zilizotengenezwa kwa jiwe jeusi ling'aalo, ambalo ni kioo kilichozaliwa na moto wa volkano. Jiwe hilo halipatikani mahali pale. Lilitoka mbali, makumi ya kilomita, kuvuka nchi yenye milima na mabonde. Wataalamu wakaona kuwa huenda watu wa Olorgesailie walikuwa na mapatano ya kubadilishana vitu na watu wa mahali pengine.

Fikiri jambo hili, msomaji. Kabla ya kuwapo taifa lolote, kabla ya mfalme, sarafu wala maandishi, mtu wa bonde hili alishika mkononi kitu kilichotoka kwa mtu mwingine wa mbali. Haja ya kupokea na kutoa ni ya kale kuliko majina yetu yote. Basi mtu asikuambie kuwa biashara na wageni ni dhambi mpya, wala asikuambie kuwa ni baraka mpya. Si mpya kabisa.

Sasa tuache zama za mawe, tuje katika karne ya kumi na tisa. Wamaasai walikuwa ndio wenye nguvu katika nyanda hizi. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilipanda bara kutafuta pembe za ndovu. Ilibeba nguo, waya na shanga. Nguo iliyopendwa sana ilitoka katika viwanda vya Marekani, ndiyo sababu hata leo tunayo katika lugha yetu merikani. Shanga zilitoka katika miji ya Ulaya iliyojua sana ufundi wa kioo. Kwa hiyo katika mzigo wa hamali mmoja, aliyepita njia ya vumbi kando ya vilima vya Ngong, yalikutana mabara matatu.

Lakini tazama masharti yalikuwa ya nani. Msafara haukupita bila kulipa hongo. Shanga za rangi isiyopendwa hazikununua kitu, na kamba za shanga zisizokuwa na urefu uliotakiwa zilikataliwa. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1883, ilimpasa kwanza kuzitunga upya shanga zake kwa kipimo walichokitaka Wamaasai. Mgeni alikuwa na mali, lakini mwenyeji alikuwa na kipimo. Maadamu mwenyeji ana kipimo chake, biashara na dunia haimvunji. Humpamba.

Haikupita miaka 10 kipimo kikavunjika, tena si kwa bunduki. Mwaka 1887 ng'ombe wenye maradhi ya sotoka waliteremshwa katika bandari ya Massawa, katika Bahari ya Shamu, wakati Waitalia walipokuwa wakijiimarisha huko. Maradhi yale yakashuka kusini yakifuata makundi na malisho, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 yakaangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai. Nyuma yake ikaja ndui, ikachukua watu. Mwaka 1890 alikuwa amefariki Mbatiany, kiongozi mkuu wa ibada, na wanawe wawili, Sendeyo na Lenana, wakagombea urithi wake. Njaa, maradhi na fitina vilikaa katika boma moja. Wenye nguvu wakawa dhaifu, na walipokuwa katika udhaifu huo ndipo mgeni mwingine alipobisha hodi.

Hapa pana somo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Tukio la bandarini, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, lililofanywa na watu wasiojua hata jina la Kajiado, liliamua mambo ya Kajiado. Hii ndiyo sifa kubwa ya dunia iliyounganishwa: jambo hutendwa mahali pamoja, na hesabu yake hulipwa mahali pengine. Walakini sifa hiyo ina upande wa pili, nao si haki kuuficha. Katika miaka ya 1950 na 1960, katika kituo cha utafiti cha Muguga, si mbali na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora ya sotoka. Chanjo hiyo ikatumika katika nchi nyingi, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imetokomezwa duniani pote. Njia iliyoleta ugonjwa ndiyo iliyopitisha dawa, na safari hii dawa ilianzia kwetu.

Mgeni aliyebisha hodi alikuja na reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mwaka 1899 mahali palipoitwa na Wamaasai Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Reli ilijengwa kwa fedha za Uingereza, na wengi wa wafanyakazi wake waliletwa kutoka India. Ilitaka mizigo ili ijilipe, na mizigo ilitaka mashamba, na mashamba yalitaka ardhi. Ardhi nzuri ya bonde, karibu na reli, ilikuwa malisho ya Wamaasai.

Basi mwezi wa Agosti mwaka 1904 uliandikwa mkataba. Kwa upande mmoja alikuwapo Kamishna Sir Donald Stewart; kwa upande wa pili Lenana na wakuu wengine wa Kimaasai, ambao waliweka alama zao. Kwa mkataba huo Wamaasai walihama kutoka bondeni na kugawanywa katika nchi mbili, moja Laikipia kaskazini, na ya pili kusini, ambako Kajiado ipo. Waliahidiwa njia ya upana wa nusu maili ya kuziunganisha nchi hizo mbili. Waliahidiwa pia kuwa mapatano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Wamaasai wapo hata leo. Mapatano yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 uliandikwa mkataba wa pili, nao ukasema kuwa Wamaasai wa Laikipia nao wahamie kusini. Maelfu ya watu na makundi makubwa ya mifugo yakaswagwa katika safari ngumu, na mwaka 1913 kazi ya kuwahamisha ikamalizika. Lakini katika mwaka uo huo wa 1913 lilitokea jambo ambalo kila kijana wa Kenya yapasa alijue. Wamaasai, wakiongozwa na Parsaloi ole Gilisho, hawakushika mikuki. Walishika wakili. Walikwenda Mahakama Kuu huko Mombasa, wakasema kuwa mkataba wa 1904 ungali hai na kuwa ule wa 1911 hauwafungi.

Mahakama iliwajibu nini? Iliwajibu, na mahakama ya rufani ikakubali, kuwa Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza. Ni watu wa dola ngeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo mapatano yale ni mapatano ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Angalia ajabu ya hukumu hii. Ilipokuwa ni kupokonywa ardhi, Wamaasai walitendewa kama watumishi wasio na neno. Walipodai haki, wakainuliwa ghafula wakawa dola huru, ili wasisikilizwe. Walipewa heshima ya taifa kwa saa moja tu, nayo ni saa ambayo heshima hiyo iliwadhuru.

Hivi ndivyo ulimwengu ulivyojenga dola katika nchi hii. Dola ilikuja kwa karatasi, na mwenye kuijua karatasi ndiye aliyekuwa na nguvu. Mwaka 1920 Protektoreti ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru wake, na mwaka 2010 wananchi wakapiga kura na kujipatia katiba mpya, iliyoleta kaunti 47, Kajiado ikiwa mojawapo. Katiba hiyo husema kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Sharti hilo si maneno matupu. Ni kumbukumbu ya 1904 na 1911 iliyoandikwa kwa lugha ya sheria.

Lakini usidhani kuwa dola huru haina mgeni mlangoni. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa China. Mwaka 2019 ikaendelezwa hadi Naivasha, ikapita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa daraja refu, ikaingia Kajiado kupitia Ongata Rongai na Ngong, kisha ikashuka bondeni. Reli mbili katika bonde moja, zote mbili kwa fedha za mbali: yapo mabadiliko gani basi? Yapo, nayo si madogo. Wananchi walikwenda mahakamani kuuliza jinsi kazi ile ilivyotolewa, na safari hii mahakama haikuwaambia kuwa wao ni wageni. Kesi ilisikilizwa. Taifa huru laweza kukopa vibaya kama mtu awezavyo kukopa vibaya. Tofauti ni kuwa wenye kulipa deni wana haki ya kuuliza, na anayeulizwa hana budi kujibu.

Tugeukie sasa uchumi. Ukiifuata barabara ya Oltepesi hadi mwisho utafika katika ziwa la Magadi, lenye rangi ya waridi na weupe, ambalo katika kiangazi huonekana kama limefunikwa kwa theluji katikati ya jua kali. Weupe ule ni magadi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na kabla ya mwaka 1915 kwisha njia ya reli ilikuwa imejengwa kutoka Konza, kupita Kajiado, mpaka ziwani. Mji wa Kajiado ulikua kando ya njia hiyo. Mwaka 1924 kazi hiyo ilichukuliwa na kampuni ya Kiingereza ya Brunner Mond. Mwaka 2005 Brunner Mond yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Kihindi ya Tata. Hivyo ziwa moja la Kajiado limebadilisha wenye amri mara kadhaa, kwa mapatano yaliyofanywa London na Mumbai, na ziwa halikusogea hata hatua moja.

Na magadi yale huenda wapi? Sehemu kubwa husafirishwa nje kwa meli, kwa ajili ya viwanda, na kazi yake moja kubwa ni kutengeneza kioo. Kioo hufanywa kwa mchanga, chokaa na magadi, vikiyeyushwa pamoja kwa moto mkali. Sasa simama chini ya mgunga wa Oltepesi umtazame mama wa Kimaasai akitunga shanga. Shanga zile ni kioo. Nyingi za zile zipendwazo kwa uzuri hutoka katika nchi ya Cheki, nyingine hutoka China. Sisemi kuwa magadi ya ziwa lile ndiyo yaliyomo katika ushanga ule. Hilo hakuna awezaye kulipima. Nasema kuwa nchi iliyo na magadi mengi huuza unga kwa tani na kununua shanga kwa gramu. Kati ya unga na ushanga kuna tanuru, na penye tanuru ndipo penye ujira, ufundi na faida. Ukilielewa jambo hili moja, umeielewa nusu ya hesabu ya uchumi wa Afrika.

Watu wa Olorgesailie walichukua kioo cha volkano kikiwa jiwe, wakakichonga wao wenyewe kikawa zana. Jiwe lilitoka mbali, lakini kazi ilifanyika nyumbani. Yamkini katika hilo walituzidi.

Upande wa pili wa kaunti, kusini ya Nairobi, kuna Kitengela, na habari yake ni ya haraka zaidi. Mwaka 1968 serikali ilitunga sheria ya kuwaandikisha wafugaji katika ranchi za vikundi, na fedha za kuendeleza ufugaji zikaja kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ardhi iliyokuwa ya wote bila karatasi ikawa ya kikundi kwa karatasi. Kikundi kikaona mashaka ya kuitunza pamoja, na Kitengela, mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ikagawanywa, kila aliyeandikishwa akapewa kipande chake na hati yake. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo kubwa likafunguliwa Athi River, jirani ya Kitengela. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria ya kuziruhusu nguo za nchi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Cherehani zikalia Athi River, na wenye kushona wakatafuta vyumba vya kulala Kitengela.

Hivyo kura iliyopigwa Washington ilijenga nyumba za kupanga katika malisho ya nyumbu. Na sheria ile, kwa kuwa iliandikwa na mwingine, ina muda uliowekwa na mwingine. Muda wake ulipofika mwisho mwezi wa Septemba mwaka 2025, mshonaji wa Athi River hakuwa na kura katika jambo lile. Sotoka ilimpata babu yake kwa njia ya bandari asiyoijua. Habari za ushuru humpata yeye kwa njia ya bunge asilolijua.

Hesabu za watu zathibitisha haya. Mwaka 2009 Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,117,840, na Kitengela peke yake ilikuwa na zaidi ya watu 150,000. Wametoka kila upande wa Kenya, na wengine wametoka nje yake. Kwa hiyo soko la maziwa, nyama na mboga ni kubwa, shule ni nyingi, na daktari si wa mbali kama zamani. Ni ujinga kuyadharau haya. Mama aliyekuwa akitembea siku nzima kumpeleka mtoto zahanati hawezi kuzililia zamani zile kama anavyozililia mtu azisomaye vitabuni.

Lakini chukua mfano wa mzee mmoja. Simtaji jina, kwa kuwa ni wengi. Alipewa hati ya ekari zake. Mwaka wa kwanza wa ukame aliuza ekari 5 apate fedha za kununulia chakula. Mwaka wa pili aliuza 10 kwa karo ya mtoto. Akauza nyingine anunue gari, na gari likafa. Mnunuzi alijua kuwa barabara itapita pale, na mzee hakujua. Mnunuzi alisoma karatasi, na mzee aliweka alama ya kidole. Leo ekari zile zimekatwa viwanja vya nusu ya robo ekari, kila kimoja kwa bei ambayo mzee hakuipata kwa ekari nzima, na mwanawe ni bawabu wa lango lililosimama palipokuwa zizi la baba yake. Hakuna aliyemnyang'anya. Sheria yote ilifuatwa. Hili ndilo jambo gumu ninalotaka ulifikiri, msomaji: mwaka 1911 watu walipoteza ardhi kwa amri, siku hizi hupoteza kwa hiari. Walakini hiari ya asiyejua thamani ya anachokitoa ni hiari nusu.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa kila ekari, kila mwaka, ili wasijenge ua wala wasiuze, na wanyama wa mbuga wapate kupita. Familia nyingi zilitumia fedha hizo kwa karo. Mpango huo haukuuzuia mji usikue, lakini ulionyesha jambo moja, ya kuwa ardhi yaweza kumlisha mwenyewe bila kumtoka. Pale fedha za ugenini zilipokuja kwa masharti ambayo mwenyeji aliyafahamu na kuyakubali, zilimfaa.

Sasa nije katika utamaduni, ambapo watu hulia sana na kufikiri kidogo. Husemwa kuwa utandawazi utaua utamaduni wa Kimaasai, na kama ushahidi hutajwa shuka nyekundu na shanga ambazo vijana wanaziacha. Lakini shuka ile ni nini? Kabla ya nguo za dukani Wamaasai walivaa ngozi. Shuka ililetwa na biashara, kama shanga za kioo zilivyoletwa. Wageni walileta kitambaa. Wamaasai walikichagulia rangi, wakakifunga kwa namna yao, wakakipa maana yao. Mpangilio wa rangi katika mkufu haukutoka Ulaya. Kitu kilikuwa cha mgeni, na maana ikawa ya mwenyeji, na baada ya vizazi vichache mgeni mwenyewe akasahau kuwa kilikuwa chake. Utamaduni hai haufi kwa kupokea. Hufa unapoacha kuchagua.

Na baadaye gurudumu liligeuka. Kwa msimu wa mwaka 2012 nyumba ya mitindo ya Paris, Louis Vuitton, ilitoa nguo zilizochukua mfano wa shuka ya Kimaasai. Jina la Maasai limewekwa katika bidhaa nyingi za makampuni ya mbali. Wazee wa Kimaasai wakaanza kuuliza: ikiwa jina lina thamani ya kuuzia viatu na magari, mwenye jina hupata nini? Swali hilo ni lile la Thomson na kamba zake za shanga. Ni kudai kipimo kirudi mkononi mwa mwenyeji. Kadhalika mwaka 2018 sherehe tatu za rika za Kimaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi uhitajio kulindwa kwa haraka. Ni heshima, lakini pia ni onyo. Orodha ya Paris yaweza kulikumbuka jambo, haiwezi kulitenda. Rika haliwezi kupandishwa cheo na mkutano wa mabalozi.

Linalobaki ni utambulisho, yaani jibu la mtu aulizwapo, "Wewe ni nani?" Mtoto wa Kitengela leo huzungumza Kimaasai na bibi yake, ikiwa bibi yu karibu, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani, na lugha ya vijana njiani. Wengine husema amepotea. Mimi sioni hivyo. Mti wa oltepesi una kilele kipana kwa sababu una mzizi mrefu. Ukiukata mzizi kilele hakikai, na ukikikata kilele mzizi hauna kazi. Mtoto yule anaweza kuwa Mmaasai, Mkenya na mtu wa dunia kwa siku moja, na hakuna mojawapo lililo uongo. Ninachomwogopea si wingi wa lugha zake. Ninaogopa siku ambayo Kimaasai kitakuwa lugha ya kuwaimbia watalii tu, na Kiingereza kitakuwa lugha ya hati zote. Siku hiyo atakuwa na lugha nne na hatakuwa na neno.

Tena usidhani kuwa sisi ni wapokeaji tu. Mwezi wa Machi mwaka 2007 ilianzishwa nchini Kenya huduma ya M-Pesa. Ufundi wake ulikuwa na mkono wa kampuni ya Uingereza, lakini matumizi yake yalifundishwa dunia na watu wa kawaida wa Kenya: mfugaji aliyeuza mbuzi mnadani bila kubeba noti, mfanyakazi aliyetuma karo kutoka mjini. Kama chanjo ya Muguga, ni mfano wa jambo lililotoka kwetu kwenda kwao.

Msomaji, tumetembea kutoka jiwe jeusi la Olorgesailie hadi simu ya mfugaji. Tumeona dunia ikiijenga dola yetu, ikiugeuza uchumi wetu, ikiugusa utamaduni wetu na kulihoji jina letu. Katika safari yote dunia haikuwa njema wala mbaya. Ilikuwa njema kila mwenyeji alipokuwa na kipimo, ujuzi na sauti. Ilikuwa mbaya kila alipokosa vitu hivyo. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji ahame.

Kwa hiyo sikushauri ufunge mlango. Hauna komeo la kutosha. Nakushauri mambo matatu. Jifunze kusoma karatasi, maana mababu zako waliahidiwa milele na wakapata miaka 7. Jifunze kazi ya tanuru, ili unga wa nchi yako usiondoke bila kuongezwa thamani. Na ijue lugha ya nyumbani kwenu kiasi cha kuweza kubishana kwayo, si kusalimia tu. Siku moja utaletewa karatasi uweke jina lako, ya ardhi, ya kazi, au ya kura. Aliyeileta atakuwa na haraka. Wewe usiwe nayo. Iketi nayo chini ya mti, uisome mpaka mwisho, uwaulize wakubwa na wataalamu, kisha uamue. Parsaloi ole Gilisho alikwenda mahakamani akashindwa, kwa kuwa alihesabiwa mgeni katika nchi yake. Wewe si mgeni, na hilo ndilo alilokuwa akilidai.